Inchi 19 ya Nani? Namba ya Monita na Ile Duara ya Kioo Tuliyoisahau

Ingia duka lolote la kompyuta za mitumba pale Luthuli Avenue uulize monita ya inchi 19. Kuna uwezekano mkubwa utaletewa mbili. Moja ni ile ya ofisi za zamani, karibu mraba, imetoka ng'ambo na stika ya kampuni imebanduliwa nusu. Nyingine ni pana, ina fremu nyembamba, inakaa ya kisasa. Muuzaji atakuambia zote ni 19. Ukimwuliza tofauti atasema, "Hiyo ni skwea bro, hii ni waidi," kisha arudi kwa simu yake.

Sasa toa futi upime. Hiyo ya mraba inakupa upana wa sentimita 37.7 na kimo cha 30.1. Hiyo pana inakupa 41 kwa 23. Zidisha. Ya kwanza ni kama sentimita za mraba 1,135, ya pili ni 943. Yaani umeambiwa ni saizi moja, lakini moja imepungukiwa na asilimia 17 ya eneo la kuonea. Na ukienda kwa karatasi ya mtengenezaji utapata hiyo pana si 19 hata, ni 18.5. Dell E1916H, kwa mfano, iko na 19 kwenye jina na 18.5 kwenye vipimo.

Na hakuna mtu hapo amedanganya. Hiyo ndiyo sehemu inaniwasha. Muuzaji amesema alichoambiwa, kampuni imeandika ukweli kwa maandishi madogo, na wewe umeenda nyumbani na kioo kidogo kuliko ulichofikiria. Kwa msee ambaye amechanga miezi mitatu ndio anunue monita ya kuedit video au kujifunza koding, asilimia 17 si mchezo. Kwa hivyo leo tuongee kuhusu hiyo namba: imetoka wapi, na kwa nini kila mara watu wakiibana inatoroka kupitia mlango mwingine.

Mwanzo wake ni chupa.

Zile TV na monita zenye kisogo kikubwa zilikuwa, ukiondoa plastiki, chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani. Nyuma kuna shingo inayorusha elektroni. Mbele kuna uso uliopakwa unga ambao unang'aa ukipigwa na hizo elektroni. Kwa sababu ndani hakuna hewa, hewa ya nje inakandamiza hicho kioo kutoka kila upande, na umbo linalovumilia kukandamizwa vizuri ni la mviringo. Ndio maana tyubu za kwanza zilikuwa na uso wa duara, kama sahani. Na duara unaipima vipi? Kipenyo. Huna chaguo lingine. Kiwanda cha tyubu kilipima kioo kutoka ukingo mmoja wa nje hadi mwingine, kikasema hii ni ya inchi 10, hii ni ya inchi 12, basi.

RCA ya Marekani ilipozindua televisheni zake kwenye maonyesho makubwa ya New York mwaka 1939, modeli yake ya kifahari iliitwa TRK-12. Hiyo 12 ni tyubu ya inchi 12. Tyubu yenyewe ilikuwa ndefu sana hata haikutoshea kulala ndani ya kabati, kwa hivyo waliisimamisha wima, uso ukiangalia dari, halafu wakaweka kioo cha kujitazamia kwenye kifuniko. Watu walikuwa wanatazama TV kwenye kioo. Nikisikia mtu analalamika ati monita yake ina fremu nene, huwa nakumbuka hiyo kabati.

Baada ya vita, mwaka 1946, RCA ikatoa 630-TS. Tyubu ya inchi 10, bei dola 375. Hapa ndipo sasa mambo yanakuwa matamu. Picha ya televisheni ilikuwa mstatili, sehemu nne za upana kwa tatu za kimo, lakini kioo kilikuwa duara. Chora duara kwenye karatasi, halafu chora ndani yake mstatili ambao kona zake zote nne zinagusa ule mviringo. Ukipiga mstari kutoka kona moja hadi ile inayoikabili, huo mstari unapita katikati kabisa ya duara. Ni kipenyo kilekile. Niliacha chuo lakini jiometri ya fomu tatu haikuniacha: hapo ndipo desturi ya kupima skrini kona hadi kona inapoeleweka. Kipenyo cha chupa kikawa mshazari wa picha, na namba ikabaki palepale hata maana yake ilipobadilika.

Lakini cheki hii. Mstatili kamili wa nne kwa tatu ndani ya duara ya inchi 10 unakupa inchi 8 kwa 6, yaani inchi za mraba 48. Watengenezaji walitaka picha kubwa zaidi, wakaipanua mpaka ikazidi mviringo, kona zikakatwa. Na matangazo ya mwisho wa miaka ya 1940 mara nyingi yaliandika eneo: inchi za mraba 52 kwa tyubu ya inchi 10. Eneo! Kile kipimo ambacho mimi na wewe tungekitaka leo kilikuwa kwenye magazeti zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Kilikufa. Kuanzia karibu 1950 viwanda vikajua kutengeneza tyubu za mstatili, na duara ikaisha. Ungetarajia sasa watu waseme upana ni huu na kimo ni hiki, kama unavyopima meza au pazia. Hapana. Kati ya upana, kimo na mshazari, mshazari ndio unatoa namba kubwa kuliko zote. Biashara haikuhitaji sababu nyingine. Tena walikuwa wanapima kioo chenyewe, kutoka ukingo wa nje hadi wa nje, pamoja na ile sehemu ya pembeni ambayo haina unga wa kung'aa na ile inayofunikwa na fremu. Ulikuwa unalipia kioo ambacho hutawahi kukiona.

Wamarekani walishtuka mapema. Mwaka 1966 Tume ya Biashara ya Shirikisho, wale wanaosimamia matangazo ya uongo huko, ilitunga kanuni maalum ya saizi za televisheni. Ukitaja ukubwa, lazima uwe ukubwa wa picha inayoonekana. Usifuate mbonyeo wa kioo na futi, maana uso wa tyubu ulikuwa umevimba na ukifuata ule mvimbo unaiba nusu inchi hapa na pale. Na kama umepima kwa mshazari, sema ni mshazari. Kwa hiyo TV ambayo duniani kote iliitwa 21, Marekani ilibidi iitwe 20. Ile ambayo Japani waliiuza kama 29, Marekani ilikuwa 27. Tyubu ileile kabisa. Mtu akivuka bahari na TV yake ilikuwa inapoteza inchi mbili kwenye ndege.

Huku kwetu nani alituambia? Waulize wazazi wako kuhusu Great Wall ya inchi 14, ile ya kuunganishwa na betri ya gari jioni ya taarifa ya habari, majirani wote wamejaa sebuleni. Picha kwenye TV za inchi 14 ilikuwa kama sentimita 34 kutoka kona hadi kona. Hiyo ni inchi 13 na kitu. Sidhani kuna mtu alijali, na pengine hata sasa haijalishi: ukiwa na watu ishirini mbele ya skrini moja, kitu unachohesabu si inchi, ni viti.

Ila kuna neno moja kwenye ile kanuni ya 1966 lililoleta shida baadaye. Ilihusu televisheni. Televisheni tu. Kompyuta ya kuweka mezani nyumbani haikuwa kwenye akili ya mtu yeyote wakati huo. Kwa hivyo zilipokuja, monita zake zikauzwa kwa ile namba ya zamani ya kioo, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kama uliwahi kukaa saiba za miaka ya 2000, ukilipa kwa dakika huku ukingoja ukurasa ufunguke, ulikuwa mbele ya mojawapo ya hizi. Monita ya "14" ilionyesha inchi 13 na kidogo. Ya "15" ilionyesha karibu 13.8. Ya "17" ilionyesha kama 16, nyingine hata 15.9. Na kompyuta iliumia kuliko TV. TV inaweza kusukuma pembe za picha nje ya fremu na usijue, kwa sababu nani anajua msomaji wa habari alikuwa na nini kando ya bega lake? Kompyuta ikifanya hivyo unapoteza kile kitufe cha kufunga dirisha. Picha ya kompyuta lazima ikae yote ndani ya fremu, kwa hivyo mara nyingi ilikuwa na mpaka mweusi kuizunguka, na huo mpaka pia ulikuwa umehesabiwa ndani ya 17 yako.

Piga hesabu ya hiyo 17. Skrini kamili ya inchi 17 ya nne kwa tatu ingekupa sentimita za mraba 895. Inchi 16 zinakupa 793. Umepoteza asilimia 11. Kwenye "15" iliyokuwa 13.8, umepoteza 15. Inchi moja kwenye mshazari inasikika kidogo kwa sababu macho yetu hayajui kwamba eneo linapungua kwa mraba. Na wauzaji wanapenda mshazari kwa sababu hiyohiyo.

California ndio walichoka. Katikati ya miaka ya 1990 mwanasheria mkuu wa jimbo hilo na waendesha mashtaka wa kaunti waliyafuata makampuni ya kompyuta, na mwaka 1995 makampuni mengi yakakubali kuanza kuandika ukubwa unaoonekana. Kando na hiyo kulikuwa na kesi ya pamoja ya wateja, San Francisco, dhidi ya watengenezaji na wauzaji kibao. Iliishia kwa maelewano: kama ulinunua monita kati ya 1991 na 1995, ulikuwa na haki ya kupunguziwa dola 13 ukinunua monita nyingine, au dola 6 taslimu.

Dola sita. Wamarekani walicheka hiyo kesi na bado huitumia kama mfano wa kesi ambayo mawakili wanakula na mteja anapewa nauli. Mimi naona walikosea pa kuangalia. Ushindi haukuwa zile dola. Ushindi ulikuwa ni ile namba ya pili iliyoanza kuonekana kwenye boksi na kwenye matangazo: inchi 17, na kando yake, 15.9 zinazoonekana. Kwa mara ya kwanza mnunuzi wa monita angeweza kulinganisha mbili za "17" na kuona moja ni ndogo.

Sasa fikiria hizo monita zilienda wapi baada ya ofisi za Ulaya na Marekani kumaliza nazo. Zilikuja huku. Shule, saiba, vyuo vya kompyuta vya orofa ya pili mjini. Zilikuja na nyaya, zilikuja na vumbi, zingine zilikuja zimekufa. Hazikuja na boksi. Namba ya pili iliyopiganiwa mahakamani San Francisco ilibaki kwa takataka za huko, na sisi tukabaki na jina: hii ni sevuntini.

Halafu skrini bapa zikafika, na kwa miaka michache mambo yakanyooka. Skrini bapa haina kioo cha ziada cha kufichwa, kwa hivyo 15 ni 15. Wauzaji wakaanza kukuambia ati bapa ya 15 ni karibu sawa na ya kisogo ya 17. Karibu, ndio: 697 dhidi ya 793. Bado kuna pengo lakini angalau sasa ugomvi ulikuwa juu ya kitu unachokiona. Kama historia ingeishia hapo nisingekuwa na posti.

Iliendelea kwa sababu mshazari una udhaifu mwingine, mbaya kuliko wa kioo kilichofichwa. Haukuambii umbo.

Chukua ngazi ya fundi, uiegemeze ukutani. Ngazi ndiyo mshazari wako, haibadiliki urefu. Sasa vuta miguu ya ngazi mbali na ukuta. Upana chini unaongezeka, kimo kinashuka. Endelea kuvuta mpaka ngazi ilale karibu na sakafu: ngazi ni ileile, lakini nafasi kati yake na ukuta imekaribia kuisha. Hivyo ndivyo skrini pana inavyofanya. Ya mraba kamili ndiyo ina eneo kubwa zaidi kwa mshazari uleule. Kila ukiipanua, unapoteza.

Monita zilianza nne kwa tatu, zingine tano kwa nne kama ile 19 ya ofisini. Zikaenda kumi na sita kwa kumi. Halafu, kuanzia karibu 2008, zikahamia kumi na sita kwa tisa, umbo la televisheni za kisasa. Hilo umbo lenyewe lilitoka kwa mhandisi wa RCA, Kerns Powers, miaka ya 1980. Alichukua mistatili ya maumbo tofauti ya filamu na TV, yote ya eneo sawa, akaipandanisha katikati, akaona kuna umbo moja linaloweza kuikumbatia yote. Akili safi. Lakini alikuwa anafikiria picha za televisheni, hakuwa anafikiria mtu anayesoma PDF ya kurasa 80 usiku kabla ya mtihani. Monita zilifuata kwa sababu ya gharama: viwanda vinakata skrini kutoka kwa bamba kubwa za kioo, na kukata umbo moja la TV na kompyuta ni nafuu kuliko kuwa na mawili.

Matokeo yake, kwa namba. Inchi 24 ya kumi na sita kwa kumi ina sentimita za mraba 1,670. Nyingi zinazouzwa kama 24 leo, kumi na sita kwa tisa, zina 23.8 na eneo la 1,561. Laptopu ya inchi 15.6 uliyonayo hapo ina 670. Ile skrini ya zamani ya 15 ya nne kwa tatu, ambayo ungeicheka, ina 697. Namba imepanda kutoka 15 hadi 15.6 na kioo kimepungua. Soma hiyo sentensi tena.

Simchukii waidi. Mimi mwenyewe naedit video, na ratiba ndefu ya klipu inapenda upana. Filamu pia. Lakini usinunue waidi ukiwa umeambiwa ni kubwa kuliko skwea kwa sababu namba yake ni kubwa. Na wale wa gemu mnaotamani ile ndefu ya inchi 34: kimo chake ni sentimita 33.4. Kimo cha 27 ya kawaida ni 33.6. Hukuongezewa chochote juu wala chini. Umeongezewa pembeni, tena vizuri, kutoka karibu 60 hadi karibu 80, na kama ndicho unataka, nunua kwa amani.

Mwaka 2018 ile tume ya Marekani ilifuta kanuni yake ya 1966. Sababu yao ilikuwa kwamba skrini sasa ni bapa, kila mtu anapima kwa njia moja, hakuna anayechanganyikiwa. Kwa kioo kilichovimba, sawa. Kwa umbo, kanuni haikuwahi kusema kitu, kwa hivyo hawakuwa na cha kufuta.

Mwaka huohuo, 2018, Apple ilishtakiwa California juu ya skrini ya iPhone X. Simu za siku hizi zina kona za mviringo, na makampuni hupima mshazari kana kwamba kona ni kali, halafu maandishi madogo yanasema eneo halisi linaloonekana ni dogo kidogo. Wanapima kona ambayo haipo. Angalia maelezo ya simu uliyoshika sasa hivi, ukishuka chini kabisa kuna uwezekano utaona hiyo sentensi.

Kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Sijaona duka likiandika upana na kimo cha monita kwenye karatasi ya bei. Kwa hivyo beba hizi kwa simu, hesabu ni ya sekunde kumi. Chukua inchi za kweli zilizo kwenye vipimo vya modeli, si zile za kwenye jina. Kama ni kumi na sita kwa tisa, zidisha kwa 2.21 upate upana kwa sentimita, na kwa 1.25 upate kimo. Kumi na sita kwa kumi ni 2.15 na 1.35. Nne kwa tatu ni 2.03 na 1.52. Tano kwa nne, ile skwea ya ofisi, ni 1.98 na 1.59. Modeli iko kwa stika nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya. Kama stika imebanduliwa, futi ya mshonaji inatosha, na pima picha ikiwa imewashwa, usipime plastiki.

Na kama uko na skwea ya 19 inayofanya kazi na unataka kuitupa kwa sababu si ya kisasa, nitafute. Naichukua.